Kwenda Doornfontein Kuonja Pombe ya Prosper

Sababu ya safari yangu ilikuwa pombe. Naisema mwanzoni kabisa, asije mtu akasoma mpaka katikati ndipo anikasirikie. Watu wa kwetu Rombo wakienda Afrika Kusini huwa wamefuata kazi, au vipuri, au maiti ya ndugu. Mimi nilikwenda kuonja tu, mwaka 2016, wakati wa baridi ya kule. Naandika sasa, miaka mitatu baadaye, kwa sababu vijana wetu wanaotoka Dar wanazisifia bia za viwanda vidogo, zile wenyewe wanaziita krafti, kana kwamba zimezaliwa juzi. Mimi nilizikuta Johannesburg zikiwa bado hazijajua kutembea. Sina elimu zaidi ya darasa la saba na huenda mambo mengine sikuyaelewa, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Aliyeniita ni mdogo wangu Prosper. Kazi yake ilikuwa ulinzi wa usiku kwenye uwanja wa kuuzia magari. Siku zake za mapumziko alikuwa anakwenda kuosha mapipa kwa mzungu mmoja aitwaye Ruan, aliyekuwa anapika bia yake mwenyewe katika gereji ya zamani eneo la Doornfontein, Johannesburg. Siku moja akanipigia simu.

"Kaka Aloyce, nimempikia bosi mbege."

"Mbege? Huko?"

"Huku huku. Ameipenda. Lakini hataki kuandika jina mpaka mtu wa kwetu aje aseme ndiyo yenyewe."

"Kwani wewe ni mtu wa wapi?"

"Mimi ndiye niliyepika. Mpishi hajihukumu, kaka, unajua."

Mbege ni pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akanieleza. Mwaka uliotangulia Ruan alikuwa ametengeneza bia ya mtama akaipa jina la pombe ya asili ya watu wa kule. Akina mama watatu kutoka mtaa wa Alexandra, wapishi wa pombe hiyo tangu ujana wao, wakaja, wakaonja, wakamwambia mbele ya wateja kwamba hayo ni maji ya kusuuzia sufuria. Mzungu aliona aibu mpaka shingo ikamwiva. Tangu siku hiyo akaapa hataandika jina la pombe ya watu bila mtu wao kuikubali. Bia ya Prosper ikikubaliwa, itaandikwa kwa jina la mbege, na Prosper ataajiriwa kama mpishi na kuvua sare ya ulinzi. Isipokubaliwa, basi. Tiketi ya basi angelipa Ruan.

Kwa nini mimi? Kwetu mimi ni miongoni mwa wanaoitwa kuonja mbege ya posa kabla haijapelekwa kwa wakwe. Sikuchaguliwa kwa ujuzi mkubwa. Baba alikuwa mwonjaji, nami nilikuwa nakaa karibu yake. Mama ndiye mpishi hasa, lakini magoti yake hayamfikishi hata sokoni Mkuu. Nilipomuaga alikuwa anaanika ulezi. Akasema, "Usimwonee aibu, usimwonee huruma. Onja." Akaendelea na ulezi wake.

Kutoka Moshi mpaka Dar sina la kusimulia, mnaijua njia. Kutoka Dar tulikwenda Tunduma, na hapo nikaona foleni ya malori ambayo sikuona mwisho wake. Zambia nilipita zaidi nikiwa nimelala, kwa hiyo siisemi vizuri wala vibaya. Nakumbuka mto pale Chirundu na mbuni wa chuma mlangoni pa hoteli moja Lusaka. Harare tulibadilisha basi, nikakaa na mama mmoja mfanyabiashara wa nguo. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, chake kilikuwa kizuri, lakini alikuwa na subira. Aliponiuliza nakwenda kufanya nini nikamwambia kuonja pombe ya ulezi. Hakujua ulezi. Nikamwonyesha punje chache zilizobaki kwenye mfuko wa koti.

"Ah! Rapoko!" akasema, akacheka akinipiga bega. Bibi yake alikuwa anapika pombe kwa nafaka hiyo hiyo. Akaniuliza kama na sisi tunainywa kwa kibuyu. Nikasema ndiyo. Akageuka, akawatangazia abiria wa nyuma kwa lugha yao, na wakanitazama kama ndugu aliyepotea. Pale mpakani Beitbridge aliniwekea nafasi kwenye foleni. Niliogopa sana mpaka ule kwa sababu ya hadithi za watu, lakini niseme haki: afisa aliangalia pasi yangu na kadi ya chanjo, akagonga muhuri, akanitakia baridi njema. Nilidhani ananitania. Tulipofika Johannesburg alfajiri nikajua hakuwa anatania.

Stesheni nilimkuta Prosper na koti lake la ulinzi, ametoka kazini moja kwa moja. Alikuwa ameota mvi kidogo pembeni, mdogo wangu. Tulikumbatiana. Kisha akaniambia nizungumze polepole barabarani, kwa sauti ya chini, Kiswahili kisisikike.

"Si kwa sababu ya ubaya," akasema. "Ni mazoea tu. Pale kwenye robot tunavuka, halafu tunashuka."

Nikatafuta roboti. Kumbe wenyewe wanaziita robot zile taa za barabarani.

Rosettenville, kusini mwa mji, ndiko alikokuwa amepanga chumba cha uani. Mwenye nyumba aliitwa Mama Furaha, msusi, Mkongo wa Bukavu, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kupakua chakula. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele. Binti yake alinisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, akaelewa kila neno na akanijibu tena kwa Kiingereza. Tulikwenda hivyo wiki nzima bila ugomvi.

"Karibu, Papa Aloyce," Mama Furaha akaniambia. "Njo wewe mutu mwenye atahukumu pombe ya Prosper?"

"Nimeitwa kuonja tu, mama."

"Nikuokolee nguvu. Mimi nilionjaka. Ile si mbege, si nini. Ile ni kasiksi. Kasiksi yenye ilisomaka masomo."

Kasiksi ni pombe ya ndizi ya kwao Kivu. Nikamwambia kwa heshima kwamba kasiksi haina ulezi.

"Iko na mtama. Mutu akishalewa atauliza ni ulezi ao ni mtama?"

"Mama, usimharibie kaka ulimi," Prosper akasema kutoka jikoni.

"Ulimi wake ulishaharibikaka na hewa ya basi. Kula, Papa."

Jioni ile Prosper akanitolea chupa mezani. Ilikuwa ni ile pombe yake. Alitaka nionje kidogo, tena alisema "kidogo" mara nyingi. Nikakataa. Nikamwambia nikionja leo, siku yenyewe nitakuwa nakumbuka, sionji. Aliirudisha kwenye kabati na nikaona hakufurahi. Nilijiuliza kama nimejifanya hakimu mkubwa kuliko kesi yenyewe. Bado najiuliza.

Doornfontein alinipeleka kesho yake mchana. Ni mtaa wa maghorofa ya kupanga na karakana ndogondogo, na wanafunzi wa chuo wakipita katikati na mabegi yao. Gereji ya Ruan ilikuwa na paa la bati na lile shimo la kuingia chini ya magari, ameliziba kwa mbao. Bia alipikia kwenye matangi yaliyokuwa ya maziwa, ameyanunua kwa mkulima. Mwenyewe alikuwa amevaa kaptula na buti za mpira katika baridi ile. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama tunavyofanya sisi, nikadhani kafundishwa na Prosper. Baadaye nikaona anamshika kila mtu hivyo.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wasikilize kidogo. Siku zile bia hizi hazikuwa na uhakika. Majina yaliandikwa kwa chaki ubaoni, na bia yenye jina lile lile wiki hii haikuwa ya wiki iliyopita. Ruan alikuwa anawaambia wateja mwenyewe: "Leo imetoka nyeusi kidogo, sijui kwa nini." Nao walifurahi kusikia hajui. Walikuwa wanafunzi, wapiga picha, na mzee mmoja fundi wa lifti. Waliletewa vigilasi vinne kwenye ubao wenye matundu, wakivinusa kabla ya kunywa. Nilidhani wanakagua kama imeharibika. Kisha wanabishana. Mmoja anasema inanuka mkate, mwingine anasema inanuka majani yaliyokatwa asubuhi, na hapo mtu anagonga meza. Kwa kweli nilijiona nipo kwetu kilabuni, ila bila nzi.

Nilionja kila iliyokuwapo. Moja ilikuwa chungu kama kwinini. Prosper akaniambia ni maua fulani yanaitwa hopsi na kwamba kuna watu wanaipenda hasa kwa uchungu huo. Nyingine ilikuwa chachu kama mbege iliyopitiliza siku, na hiyo niliipenda, nikaogopa kusema kwa kuwa kwetu ingemwagwa. Moja ilikuwa na ladha ya moshi wa jiko. Ruan akaniuliza naonaje. Nikasema inanikumbusha nyumba ya bibi yangu paa lilipokuwa linavuja moshi. Prosper akatafsiri, na Ruan akafurahi, akaenda kuwasimulia meza zote. Sikukusudia sifa, lakini sikukusudia kashfa pia, basi nikaiacha.

Kisha Prosper akanionyesha pombe yake ilivyopikwa. Ndizi alichemsha siku nzima mpaka zikawa nyekundu, kama kwetu. Ulezi aliupata kwa wafanyabiashara wa Zimbabwe, akauotesha mwenyewe chumbani kwake, chini ya kitanda. Magome ya msesewe, yanayoipa mbege uchungu wake, ambayo nilidhani hayapo nje ya mlima wetu, aliyakuta kwenye soko la waganga yakiuzwa kama dawa. Niliyanusa, yalikuwa yale yale. Mpaka hapo moyo wangu ulikuwa umelegea kabisa. Ndipo akafungua bomba akanionyesha rangi tu, bila kuonja. Ilikuwa ya dhahabu, unaona vidole vyako upande wa pili.

"Unga wake uko wapi?" nikauliza.

"Tumeichuja. Bila kuchuja haipiti kwenye bomba, kaka. Inaziba."

"Na povu hili?"

"Ni gesi. Na inakaa baridi, inaweza kungoja wiki nyingi."

Nikalifunga bomba.

Ijumaa alasiri ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ruan aliwaalika wateja wake wa kila siku, na Mama Furaha akafunga saluni akaja na kitenge chake cha kanisani, eti kuwakilisha kasiksi. Prosper alikuwa amevaa aproni mpya ya ngozi. Nilijua ameinunua mwenyewe, maana ilikuwa bado ina harufu ya duka. Ruan akasema maneno machache, nadhani ya kunikaribisha, kisha nikaletewa gilasi ndogo.

Sasa lazima nieleze desturi, kwa wale wasiotoka kwetu. Mwonjaji hasemi kwa kata ya kwanza. Ya kwanza ni ya kiu. Ukiisema pombe kwa kata ya kwanza umeisema kiu yako. Unaimaliza, unaomba ya pili, na hiyo unakunywa polepole, watu wakiwa kimya, ndipo unatamka. Kuomba ya pili maana yake ni "nimeanza kazi". Hakuna zaidi.

Nikaimaliza ya kwanza, nikanyoosha gilasi. "Naomba ya pili."

Prosper hakutafsiri, alijaza tu. Lakini Ruan alikuwa ameona gilasi tupu na mkono wangu ulionyooka, akapiga kelele ya furaha. Watu wakapiga makofi. Kwao mtu anayeomba tena kabla hajavuta pumzi ameshajibu. Ruan akapanda kwenye kreti, akachukua chaki, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MBEGE. Fundi wa lifti akamkumbatia Prosper. Mtu akapiga picha. Mimi nimesimama na gilasi imejaa.

Nilimtazama Prosper. Yeye anaijua desturi. Alijua sijasema kitu. Lakini uso wake ulikuwa umeshafunguka, na simlaumu, maana hata mimi ningeshindwa kuukunja. Kosa lilikuwa langu pia. Ningeweza kuwaeleza kabla.

Nikanywa ya pili polepole kama inavyotakiwa. Ndizi zilikuja kwanza, tamu, halafu msesewe ukafuata nyuma ya ulimi, mahali pake hasa. Ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Lakini haikuacha kitu mdomoni. Mbege ya mama ukinywa kata mbili unabaki na ulezi kwenye meno na husikii njaa mpaka jioni. Hii ilipita kama mgeni aliyesalimia mlangoni akaondoka bila kukaa.

Mama Furaha alikuwa ubavuni pangu na alinisoma usoni. "Papa," akasema chini chini, "acha. Muzungu alishaandika."

Nilifikiri kuacha. Watu walikuwa wameshageukia vinywaji vyao, hakuna aliyekuwa ananingoja tena. Na mimi ni nani? Mbege ya Marangu si sawa na ya Rombo, na hata Rombo kila nyumba ina yake. Nani aliniambia mpaka wa jina unapita kwenye unga? Labda wajukuu wetu watakunywa hii na kuiita mbege, nao watakuwa na haki. Lakini niliitwa nijibu swali, nikasafirishwa kwa ajili ya swali hilo, na jibu walikuwa wamelichukua kabla sijalitoa. Nikamwita Prosper.

"Mwambie bado sijasema."

"Si umeomba ya pili, kaka?"

"Prosper. Unajua maana ya ya pili."

"Najua," akasema. Akaenda kumgusa Ruan bega, na watu wakanyamaza mmoja baada ya mwingine mpaka nikasikia friji likinguruma. "Sema," akaniambia. "Natafsiri."

Nikasema hivi, na niliyapanga maneno kwa uangalifu: "Bia hii ni nzuri. Ndizi zimeiva, msesewe umewekwa kwa kipimo. Aliyeipika anaijua kazi. Lakini mbege ina unga wake ndani, na inanywewa siku yake. Hii imechujwa ikawa kitu kingine. Si mbege."

Nilimsikiliza akitafsiri. Kiingereza changu ni kidogo lakini nilikifuata kama mtu anayefuata mtoto wake sokoni. Alisema nzuri. Alisema ndizi, alisema magome. Alisema unga na siku yake. Mwisho akasema si mbege, kwa maneno ambayo hata mimi nisingeweza kuyakosea, na hakushusha sauti. Kitu kimoja tu alikiruka. Hakusema kwamba aliyeipika anaijua kazi.

Ruan akashuka kwenye kreti. Hakukasirika kwa kelele. Alimuuliza Prosper jambo, na baadaye nilijua kutoka kwa Mama Furaha kwamba aliuliza hivi: "Nani humu ndani ataijua tofauti?"

Prosper hakunitafsiria swali hilo. Alilijibu mwenyewe, kwa maneno mawili matatu tu. Kisha akachukua kitambaa kilichokuwa begani mwake, akaenda ubaoni akafuta.

"Amesema nini?" nikamuuliza Mama Furaha.

"Amesema, 'Mimi.'" Akakaza kitenge chake. "Eish, Papa. Amesema, 'Mimi nitajua.'"

Ruan aliandika "bia ya ndizi" kwa herufi za kawaida, chini kabisa. Jumamosi iliuzika nusu pipa. Wateja waliinywa, wakasema nzuri, wakahamia nyingine. Hakukuwa na habari ya kusimulia juu yake. Nafasi ya upishi Ruan hakumpa. Alisema atafikiria, na kwa haki yake niseme kwamba alifikiria kweli: mwaka uliofuata alimwita kwa siku mbili za wiki, halafu zote. Lakini sisi siku ile hatukuyajua hayo. Tulichojua ni kwamba Ijumaa hiyo hiyo, jua likizama, Prosper alikuwa chumbani anapiga pasi sare ya ulinzi.

Nilikaa kitandani. Alipiga pasi mkono mmoja wa shati, akapiga wa pili, akarudia wa kwanza.

"Ungeniambia mimi kwanza, pembeni," akasema.

"Ungefanyaje?"

"Ningekuomba unyamaze."

"Nami ningenyamaza?"

Akafikiri. "Ungenyamaza. Unanipenda. Ndiyo maana nashukuru hukuniambia." Akavaa shati likiwa bado na joto. "Lakini nimekasirika, kaka. Usidhani sijakasirika."

"Sidhani."

"Sharp," akasema, ndivyo wasemavyo "sawa" kule, akachukua tochi yake akaenda kazini.

Siku zilizobaki alikuwa mpole kwangu, upole wa mtu anayebeba kitu kinachomwagika. Alinipeleka kuona jengo refu na duka la bibi mmoja Mreno anayeuza samaki wa chumvi. Pombe hatukuitaja. Gerejini tulirudi mara moja tu, kumuaga Ruan. Alinishika mikono miwili kama mwanzo, akanipa fulana ya kiwanda chake, ndogo kwangu. Akaniambia jambo refu, na Prosper akalitafsiri kwa ufupi: "Anasema asante kwa kuja mbali kumwambia hapana." Sijui kama aliyaruka mengine.

Asubuhi ya kurudi, Mama Furaha alinifungia mihogo na samaki kwenye magazeti, kifurushi cha kumtosha askari wa vita. Prosper alikuwa ametangulia getini na begi langu. Nilikuwa na neno lililonikaa moyoni siku zote zile, nikaona nimwambie mama huyu kwa kuwa alikuwepo.

"Nilikosea jambo moja," nikasema. "Sikutakiwa kumpa Prosper kazi ya kutafsiri. Hukumu yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu. Ningekuomba wewe."

Mama Furaha aliacha kufunga kifurushi akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi? Papa Aloyce, mimi ningedanganya! Ningemwambia muzungu umesema ni mbege kabisa, mbege ya mama yenu, unalia kwa furaha. Na wewe ungerudi kwenu bila kujua kitu. Sasa hivi Prosper angelala usiku kama watu." Akanikabidhi kifurushi. "Na ningefanya vizuri, usinitazame hivyo."

Nilimshukuru, nikatoka. Stesheni mimi na Prosper tulikumbatiana tena, na basi likaondoka.

Nimeulizwa mara nyingi nilijifunza nini kule, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikijibu mambo ya matangi na hopsi. Ile gereji siku hizi imefungwa, kodi ilipanda, na Prosper anapikia kiwanda kikubwa zaidi ambako bia ya leo ni sawa na ya jana na hakuna anayesema sijui. Anasema mshahara ni mzuri na anazikumbuka bia zilizokuwa zinaharibika. Mbege hapiki. Kama ningenyamaza, labda leo ingekuwa inaandikwa kwenye chupa na kuuzwa uwanja wa ndege, na mtoto wa kwetu angejivuna. Inawezekana nilikosea. Sijapata mtu wa kunithibitishia.

Lakini kuna jambo moja ambalo nina hakika nalo, na nililipata ndani ya basi, tukipita Polokwane, nikiwa nakula mihogo ya Mama Furaha na kuyarudia maneno yake. Nilikuwa nimejisikitikia kwamba nilimpa kazi ile mtu asiyefaa. Nikawahesabu waliokuwa ndani ya gereji. Mama Furaha angedanganya kwa huruma. Ruan alikuwa ameshaandika. Mimi mwenyewe, kama ningekijua Kiingereza, ningetafuta neno laini, najijua. Aliyekuwepo wa kulifikisha lile neno la "si mbege" zima zima, bila kulipunguza hata pale lilipomkata, alikuwa mmoja, naye alikuwa amevaa aproni mpya.